Maji ya Buha Yalikuwa na Mwenyewe

Kuna neno ambalo sisi wa Kasulu na Kibondo tumelisikia mno: kwamba Waha hawana utamaduni wa kutunza miti. Linasemwa semina baada ya semina, linaandikwa kwenye ripoti, na siku hizi hata vijana wetu wanalirudia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mara ya mwisho nililisikia kwa ofisa mgeni aliyesimama mbele ya wazee wa kitongoji chetu akawaambia kwamba elimu ya mazingira ndiyo kwanza inawafikia. Wazee walimsikiliza na kumshukuru, maana kwetu mgeni habishiwi hadharani. Mimi ni binti wa wazee hao na adabu yao naiheshimu, ila neno hilo siwezi kuliacha lipite. Si kweli, tena lina madhara. Anayekuja kutusaidia akiamini kwamba amekuta uwanja mtupu, hujenga juu ya msingi wa watu wengine bila kujua kwamba upo, na mara nyingi huubomoa.

Sikatai linaloonekana kwa macho. Anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa kiangazi ataiona mitundu na mininga iliyokauka ikiwa bado imesimama, matawi ya juu meupe, gome limebanduka hadi kiunoni. Ataona miteremko iliyokuwa miombo mizito ambayo leo ni mihogo na visiki. Vijito vilivyokuwa vikitiririka mwaka mzima sasa vinakatika kabla ya Septemba, na akina mama wanaamka usiku wa manane kuwahi foleni ya madumu, kwa sababu anayefika kumekucha anateka tope. Miti inakufa na maji yanapungua. Ninachobishania ni sababu, na nani anastahili kulaumiwa.

Wala nchi hii haikuumbwa kavu. Buha, nchi yetu Waha, ni nchi ya mito. Malagarasi unaanzia katika nyanda za juu za mpakani na Burundi, unatembea na mpaka huo kwa sehemu, kisha unaizunguka nchi yetu kwa upande wa mashariki, unapokea Muyovozi na Ugalla, unageuka magharibi, na pale Uvinza unakutana na Ruchugi unaoshuka kutoka Kasulu. Kutoka hapo unaporomoka Igamba na kuingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji. Wataalamu wa miamba na wa samaki wanasema mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Mamilioni ya miaka iliyopita, kabla bonde la ufa halijafunguka, maji yake yalikwenda moja kwa moja hadi mto Kongo. Hadi leo ndani ya Malagarasi wamo samaki ambao jamaa zao wako Kongo, ng'ambo ya ziwa, ilhali ziwani kwenyewe hawapo. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta milioni 3, ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Dunia iliandika kwenye karatasi jambo ambalo wenye nchi walikuwa wakilishika kwa mwiko.

Wageni walioandika juu yetu waliwaona kwanza Bami, yaani wafalme wetu: Mwami wa Heru, wa Muhambwe, wa Buyungu na wengineo, pamoja na ng'ombe wao wa pembe ndefu na batware waliotawala kwa niaba yao. Wameandika kidogo mno juu ya mteko, na wasiomwona huyo hawawezi kuielewa Buha. Mteko alitoka katika ukoo uliofungua nchi mahali hapo kwanza, kabla ya watawala wenye ng'ombe. Mwami alitawala watu. Mteko alikuwa na neno la mwisho juu ya ardhi, mvua na maji. Mgeni aliyetaka kulima hakuanza na jembe, alianza kwa mteko, akaonyeshwa mpaka wa shamba na kuambiwa mahali asipoguswa. Mbegu hazikwenda ardhini kabla mteko hajaziombea. Nzige wakija, mvua ikichelewa, radi ikiua, ni yeye aliyeulizwa nchi imekosewa wapi. Yeye ndiye aliyesimama kati ya watu na ibisigo, wale wenyewe wa pori wasioonekana, wanaokaa kwenye mapango, kwenye majabali, kwenye miti mikubwa na kwenye macho ya maji. Hata Bami hawakuthubutu kumwondoa. Walimhitaji, kwa kuwa ng'ombe wa Mwami nao hunywa maji.

Nitaeleza jicho la maji moja tu, lile nililolelewa nalo, kwa sababu ndilo ninaloweza kulitolea ushahidi.

Lilikuwa chini ya mteremko, mahali ambapo jabali linatokeza katikati ya udongo mwekundu. Juu yake ulisimama mvumu, jamaa wa mkuyu, mizizi yake imelikumbatia jabali na kushuka hadi majini. Maji yalitoka kwenye ufa ambao mtoto angeweza kuingiza mkono, yakakusanyika kwenye kidimbwi kisichozidi upana wa nyungo mbili, yakapita chini ya majani hadi kwenye kijito. Pembeni palikuwa na kata ya kibuyu, ya watu wote, imening'inizwa kwenye kijiti. Ulichota kwa kata hiyo ukamimina kwenye chombo chako. Chungu chenye masizi hakikuchovywa kamwe. Hakuna aliyefua pale wala aliyeoga. Ng'ombe walinyweshwa mbali, chini kwenye kijito, na njia yao ilizungushiwa miiba wasije wakapanda. Hukukata tawi la mvumu ule, wala la mti wowote uliouzunguka kwa umbali ambao kila mtoto aliujua bila alama. Hata ukuni uliokauka na kuanguka wenyewe haukuokotwa. Bibi yangu alinikamata siku moja na kijiti mkononi, kijiti kikavu kisichotosha hata kuwashia moto. Hakunipiga. Alinirudisha, tukakiweka palepale nilipokiokota, kisha akaniambia niombe radhi, na nikaomba, kwa sauti, mbele ya maji.

Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua za kwanza, palikuwa na siku ya kulisafisha. Mteko alitangulia alfajiri. Alimwaga pombe kidogo ya mtama na unga wa ulezi kwenye shina la mvumu, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, na hakuna aliyezungumza hadi amalize. Baada ya hapo kazi ilianza. Wanaume walitengeneza uzio wa miiba na kuzibua njia ya maji. Wanawake walitoa tope kwa mikono, konzi baada ya konzi, taratibu, kwa kuwa kulichimba jicho kwa jembe ilikuwa mwiko mkubwa kuliko yote. Tope lile halikutupwa ovyo, lilipelekwa kwenye migomba. Kisha watu walikaa kivulini wakanywa na kula pamoja, na ugomvi wa maji wa mwaka mzima ulimalizwa hapohapo. Aliyevunja mwiko alitajwa mbele ya wote, akatozwa mbuzi na pombe, na mbuzi akaliwa na wale waliokosewa. Hadi alipe, watu walipunguza salamu zao kwake. Kwetu, ambako salamu ni makofi na kuchuchumaa na kuulizana habari za kila aliye nyumbani, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko faini yenyewe.

Watu wa nje waliyaona haya wakayaita ushirikina. Leo wengine wanayageuzia upande wa pili na kusema wazee walikuwa wanasayansi. Sikubaliani na wote wawili. Wazee wangu waliamini walichoamini, na siwatolei visingizio. Ila ukitazama kila mwiko na kazi uliyofanya, hutaona hata mmoja wa bure. Masizi na mafuta hayakuingia kwenye maji ya kunywa. Matawi yaliyoachwa chini yalioza yakawa udongo laini unaopokea mvua na kuishusha polepole ardhini. Kivuli kilizuia jua lisiukaushe mteremko. Jembe likipiga mwamba wa chemchemi linaweza kuufungua ufa mwingine na maji yakapotelea chini, na mhandisi yeyote wa maji atakuambia hivyo hivyo. Mteko hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na matokeo: jicho lile halikukauka siku moja katika maisha ya bibi yangu.

Mvumu nao ulikuwa na heshima yake nje ya chemchemi. Ulipandwa kwenye lango la boma. Vigingi vyake vilivyochomekwa kuwa ua vilitoa mizizi vikawa miti, hivyo nyumba ya mzee ilikuwa na uzio unaoishi. Gome lake lilipigwa likawa nguo, kabla ya kaniki na amerikani kufika na misafara, na mti haukufa kwa kuvuliwa gome, bali ulifungwa majani ya mgomba ukaota jingine. Makaburi ya Bami yaliachiwa vichaka visivyoingiwa na shoka. Mtu akitazama bonde toka kilimani, aliweza kusoma historia ya nchi kwa miti: pale palikuwa na boma, pale kuna mfalme amelala, pale kuna maji.

Mila nyingine zetu nitazipita. Mahari ya majembe na ng'ombe, ngoma za arusi na kazi za wahunzi wetu zinao wa kuzisimulia. Ubugabire, ule mkopo wa ng'ombe uliomfunga mtu na watoto wake kwa mwenye ng'ombe, siulilii, umekufa na ubaki umekufa. Wala simtetei hata kidogo anayemnyooshea kidole bibi kizee kwamba amefunga mvua. Hiyo si mila ya kulinda maji, ni dhuluma, na imeua wasio na hatia.

Lakini kuna jambo moja ambalo nitalitetea ijapokuwa limetupaka matope kwa zaidi ya karne moja na nusu, nalo ni hongo, yale malipo waliyotozwa wapita njia wa misafara. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alikatiza Buha akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Alidaiwa hongo ya vitambaa na wakubwa wa nchi, akalipa, mbele kidogo akadaiwa tena, mwishowe akatoroka usiku na msafara wake kupitia porini ili asikutane na wengine. Aliandika kwa hasira, na waliomsoma huko Ulaya na Marekani walibaki na picha moja ya Waha: wanyang'anyi wa njiani. Hakuna aliyeuliza msafara unafanya nini mahali unapolala. Watu wengi wenye bunduki wanafika jioni kwenye maji yasiyo yao. Wanakunywa, wanakoga, wanakata miti na miiba kujenga boma la usiku mmoja, wanawasha mioto, asubuhi wanaondoka, na kesho kutwa msafara mwingine unafika. Wenye nchi walidai malipo kwa kupitiwa. Leo nchi yoyote inatoza kodi ya barabara na ada ya kuingia hifadhini, na hakuna anayeiita unyang'anyi.

Chumvi ya Uvinza inafundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Pale Ruchugi unapokaribia Malagarasi zipo chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbuzi wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ilitembea nchi zote za maziwa makuu. Kuchemsha kunakula kuni, na kuni ni msitu. Mbona basi miombo ya Uvinza haikwisha kwa miaka yote hiyo? Sehemu ya jibu ni kwamba kazi ilikuwa na msimu. Wakati wa masika mto hufurika na kuzifunika chemchemi, kwa hiyo watu walikuja kiangazi, wakajenga vibanda, wakachemsha, kisha wakarudi makwao kulima, na pori likapumzika. Sehemu nyingine ni kwamba chumvi ilikuwa na wenyewe. Hukufika na chungu chako ukaanza tu, ulijitambulisha na ulitoa fungu la wenye nchi. Wajerumani walipoichukua Uvinza na kuigeuza kiwanda, fungu hilo halikulipwa tena.

Sasa nije kwenye maombolezo yangu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Waliotangulia kumvunja mteko walikuwa wamisionari. Nawashukuru kwa shule na hospitali, nilisoma kwao na ndugu zangu walizaliwa kwao. Lakini walifundisha kwamba anayeusujudia mti anamkana Mungu, na waumini wapya, kuonyesha imani yao, walichukua shoka. Hawakutofautisha kumwaga pombe kwenye shina na kuliacha shina lisimame. Wangeweza kukataza la kwanza na kulilinda la pili. Walivifuta vyote kwa mkupuo mmoja.

Kisha ikaja mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchi nzima, na kwetu Heru ulikoma utawala wa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeheshimiwa ndani na nje ya Buha. Nia ya kufuta naielewa. Taifa changa halikutaka wafalme kila kilima. Ila wateko nao waliondoka pamoja na Bami, kwa sababu waliokuwa wakiandika sheria hawakujua kwamba walikuwa watu wawili tofauti. Mwenyekiti na katibu kata walichukua nafasi ya mtware. Nafasi ya mteko haikuchukuliwa na mtu.

Na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambayo watu wake walihamishiwa vijijini. Watu waliokaa wametawanyika kilimani, kila ukoo na migomba yake na maji yake, walishushwa kwenye vijiji vya mistari kando ya barabara ili wapate shule, zahanati na bomba. Wazee wanasimulia jinsi walivyotembea na mbuzi na vyungu, nyumba zikibomolewa nyuma yao. Shule tulipata, na mimi ni tunda lake. Bomba mahali pengi lilitoa maji miaka michache, likanyamaza. Lakini huku juu yalibaki mahame. Nimeyatembelea mahame ya ukoo wetu. Mivumu ya lango ilikuwa bado imesimama mmoja hapa, mmoja pale, katikati ya nyasi, bila nyumba ya kuilindia lango. Jicho la maji lilikuwa halina uzio, halina kata, halina mtu. Wachunga ng'ombe walilikanyaga. Mchoma mkaa, ambaye hakukulia pale na hakuambiwa chochote na mtu yeyote, alikwisha kuukata mvumu ule uliolikumbatia jabali. Ufa wa maji ulikuwa bado upo. Niliingiza mkono, nikautoa mkavu.

Kule chini barabarani, kijiji kipya kilikuwa na watu wa koo nyingi waliokutanishwa kwa amri. Maji yaliyokuwa karibu nao hayakuwa ya ukoo wowote kati yao. Hapo ndipo chemchemi zilianza kuwa mali ya wote, maana yake si mali ya yeyote. Hilo halikuletwa na ukosefu wa utamaduni, lililetwa na watu kutengwa na mahali ambapo utamaduni wao ulikuwa na kazi.

Mambo mengine yalifuata juu ya jeraha hilo. Oktoba 1993 damu ilimwagika Burundi na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo, na 2015 Burundi ilipochafuka tena, kambi hiyo na ile ya Nduta, Kibondo, zilifurika. Nyarugusu pekee ilibeba watu zaidi ya laki moja, kila nyumba na mafiga yake matatu, na kila siku kuni zilitafutwa hatua moja mbali zaidi. Kirundi na Kiha vinaelewana bila mkalimani. Watu hao ni jamaa zetu, na kuwapokea ni mila pia, tena ile ninayojivunia kuliko zote. Siungi mkono wanaowatupia wakimbizi mzigo wote wa visiki. Mkimbizi alipika. Mabani ya tumbaku hayakuwa ya mkimbizi, nayo yanakausha majani kwa kuni msimu hadi msimu. Magari yaliyobeba mbao za mninga na magogo ya mkurungu hayakuwa yake, wala makundi makubwa ya ng'ombe yaliyoingia mabondeni, wala magunia ya mkaa yanayokwenda mjini.

Na lipo letu wenyewe. Asali ya Kibondo ina sifa, na tunaipenda. Lakini mzinga wa gome hutengenezwa kwa kumvua mtundu nguo yake yote. Unakata duara juu, duara chini, unapasua wima, unalitoa gome zima kama bomba, unalishona kwa vijiti. Mti uliozungushwa hivyo hauwezi kushusha chakula kwenye mizizi, unakufa ukiwa umesimama. Zamani mwenye mizinga alikuwa na pori lake linalojulikana, na aliua mti mmoja mahali penye elfu. Leo mahali hapo pamebaki mia, na nyuki wanahitaji maua ya miti ileile tunayoiua ili kuwajengea. Mizinga ya mbao na ile ya masanduku ipo, na wafugaji wengi wameanza kuitumia. Mila hii ya mzinga wa gome iachwe. Anayependa mila zake lazima ajue ipi imekwisha muda wake.

Sasa tazama tiba tunazopewa. Kila halmashauri inaagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na miche inahesabiwa siku ya kupandwa, si miaka mitatu baadaye. Mingi ni mikaratusi na misonobari, kwa kuwa inaota haraka. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni ukipandwa mahali pake. Ukipandwa kwenye jicho la maji unakunywa kuliko watu, na zipo chemchemi Buha zilizopandiwa mikaratusi kwa nia njema zikakauka. Mteko angeulizwa, angesema upandwe mvumu.

Sheria nazo tunazo, na ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kumiliki msitu wake wa hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji. Ukizisoma utaona kwamba mita 60 ni mwiko uleule uliokuwa ukilinda mvumu wetu, umepimwa tu kwa futikamba. Tofauti ni kwamba mwiko ulikuwa na mtu aliyeishi karibu na maji, aliyejua jina la kila mtoto anayeteka, na faini yake ililipwa mbele ya waliokosewa. Faini ya mita 60 inalipwa wilayani, ikilipwa, na aliyechafuliwa maji haonji hata mchuzi wa mbuzi huyo.

Kwa hiyo sidai turudi nyuma. Sidai Mwami, sidai pombe kwenye shina, na Mkristo au Mwislamu asiogope ninachoomba. Naomba maji yapate tena mwenyewe. Kila jicho la maji liandikwe kwa jina kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Kila moja lipewe mlinzi anayekaa jirani, mzee au mama anayeteka hapo, anayetambuliwa na serikali ya kijiji na kusikilizwa anapokataza. Siku ya kusafisha irudi, mwishoni mwa kiangazi, iombewe na padri, shehe na mchungaji wakitaka, lakini watu washike tope kwa mikono yao. Faini iliyowekwa na sheria ndogo ibaki kijijini na ilipwe hadharani. Pale panapohitaji mti, upandwe mvumu na miti mingine ya asili, na mikaratusi iliyoko kwenye chemchemi ing'olewe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya wala mfadhili.

Neno langu la mwisho ni kwenu, watoto wa Buha mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Kigoma mjini na ughaibuni. Mnapokuja nyumbani Desemba, msiishie kwenye sherehe. Kaeni na wazee, mpande nao hadi kwenye mahame kama miguu yao inaruhusu, mwandike jina la kila jicho la maji, nani alilitunza, miti gani ilisimama pale na mwiko wake ulikuwa upi. Pelekeni orodha hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mkaombe ipitishwe. Mkutano huo unayo mamlaka. Fanyeni hivyo mwaka huu, kwa sababu wanaoyakumbuka majina hayo walikuwa watu wazima tayari mwaka 1972, na kila kiangazi tunazika wengine.